Shilingi Imeshuka, au Imeshushwa?

Mnamo Desemba 2023 nilirejea nyumbani Malindi kwa likizo, mkoba umejaa rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yangu na mfuko hauna kitu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda mtaa wa Barani kumwamkia mama mkubwa, dada yake mama, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 ameuza mahamri na mbaazi za nazi barazani pake. Redio ilikuwa imewashwa kwa sauti ya chini karibu na karai. Mtangazaji alisema kwamba shilingi ilikuwa imeshuka tena thamani dhidi ya dola, na kwamba mfumuko wa bei ulikuwa ungali tisho kwa mwananchi wa kawaida. Mama mkubwa akanigeukia, mikono imejaa unga.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa Kiswahili. Mfumuko ni nini?"

Nikamweleza kama nilivyofunzwa: ni hali ya bei za bidhaa kupanda kwa jumla na kwa mfululizo.

"Hilo nalijua, nanunua unga kila siku. Nakuuliza neno. Mimi kabla ya mahamri nalikuwa nikishona. Nguo kuukuu hufumuka yenyewe, imechakaa. Nguo mpya ikifumuka, yupo aliyeifumua. Sasa hii ya bei, imechakaa au imefumuliwa?"

Nilinyamaza. Miaka minne ya isimu na fasihi, na mwaka mmoja juu yake wa uzamili, havikunipa jibu la kumpa mwanamke aliyekwisha kuniuliza swali la mofolojia bila kujua kwamba ni swali la mofolojia. Makala haya ni jaribio la kulijibu, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Maoni yangu ni haya. Kiswahili tunachokitumia kuzungumzia bei na shilingi, katika redio, magazetini, katika hotuba na hata katika kumbi zetu za mihadhara, kimemwondoa mtenda. Bei "zinapanda" kana kwamba zina miguu. Shilingi "inashuka" kana kwamba imechoka kukaa juu. Maisha "yanakuwa magumu". Ni Kiswahili sanifu, hakina kosa la kisarufi, lakini humwacha muuza mahamri akidhani kwamba amepigwa na kusi, nao upepo wa kusi haushtakiwi popote.

Wanaofundisha mofolojia watanisamehe kwa kurudia la msingi. Lugha yetu ina utajiri wa kauli ambao lugha nyingi hazina. Tunayo "shuka" na tunayo "shusha", na kutokana na "shusha" tunapata "shushwa". Tunayo "fuma", kisha kauli ya kutendua, "fumua", kisha kauli ya kutendeka, "fumuka". Katika "fumua" lazima pawepo mkono. Katika "fumuka" mkono umefichwa, nasi tunaona mshono tu ulioachia. Wataalamu wa uchumi hutofautisha sarafu inayopoteza thamani kwa nguvu za soko na sarafu inayopunguzwa thamani kwa uamuzi wa wenye mamlaka. Kiswahili hakihitaji istilahi mpya kwa hilo. Ushukaji na ushushaji vimo ndani ya mzizi mmoja, vinasubiri tu kutumiwa. Tulichokifanya ni kuchagua kimoja na kukitumia kwa hali zote mbili. (Na hapa lugha yetu imetufanyia utani wake: "dola" ni fedha ya Marekani, na "dola" ni mamlaka ya nchi. Msikilizaji akiambiwa shilingi imeshindwa na dola, ana haki ya kuuliza ni dola ipi.)

Hebu kwanza tulivunje hamri moja tuone kilichomo, kwa maana wapo wasomi wenzangu wanaoamini kwamba habari za dola ni za Nairobi na benki zake, hazifiki Barani. Unga wa ngano: sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya hununuliwa ng'ambo, na kule hailipwi kwa shilingi. Mafuta ya kukaangia: asili yake ni mawese ya Malaysia na Indonesia, na mwezi Aprili 2022 Indonesia ilipopiga marufuku kuuza mawese nje kwa majuma machache, kibuyu cha mafuta cha mama mkubwa kilijua kabla ya magazeti. Sukari: mwaka 2023 viwanda vya magharibi mwa Kenya vilifungwa kwa kukosa miwa iliyokomaa, sukari ikaagizwa kutoka nje kwa wingi, na kilo moja ikapita shilingi 200. Hamira ni ya pakiti, imevuka bahari. Iliki nayo vivyo hivyo. Gesi ya kupikia ni ya meli. Kilichobaki ni tui. Katika hamri nzima, nazi ndiyo mwenyeji pekee, mzaliwa wa Kilifi hii hii, na hata yeye hupanda gari kutoka shambani hadi sokoni, na gari hunywa petroli.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, mama mkubwa hununua na kuuza bidhaa za dola bila kuwahi kuishika dola. Tofauti baina yake na mwagizaji mkubwa wa Mombasa ni kwamba mwagizaji anaweza kubadilisha bei yake leo jioni. Mama mkubwa hawezi. Bei ya hamri ina ngazi zake, na ngazi hizo ni sarafu. Mtoto wa shule huja na sarafu ya shilingi 10, ile iliyotolewa Desemba 2018 yenye picha ya simba, na huyo simba ni lazima alete hamri moja. Akiambiwa 12, hana 2. Akiambiwa 15, hurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho hapiti tena njia hiyo.

Basi afanye nini? Alipunguza hamri. Zamani pakiti moja ya kilo mbili aliigawa madonge kumi, kila donge likasukumwa na kukatwa pande nne, akapata mahamri 40. Mwaka 2022 ulipokuwa unakwisha aligawa madonge kumi na mawili, mahamri 48. Desemba ile niliyomkuta na redio yake yalikuwa madonge kumi na matano. Mahamri 60 kwa unga ule ule. Bei haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni shibe. Serikali hutoa fahirisi ya bei kila mwezi, nami siipuuzi, lakini fahirisi ya mama mkubwa ni idadi ya madonge, na kila mtoto wa Barani huisoma kwa tumbo.

Turudi kwenye mikono. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 113. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa 123 na ushei. Januari 2024 ilipita 160. Je, hilo ni kuchakaa au ni kufumuliwa? Nakiri kwamba yapo yaliyochakaa yenyewe. Misimu mitano ya mvua ilikosekana kati ya 2020 na 2022, na watu wa Ganze na Magarini hawahitaji kusimuliwa. Hakuna aliyeifumua mvua, walau si hapa kwetu. Vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei ya ngano na mafuta kote duniani, na vita vina mtenda, ila yuko mbali.

Lakini tazama na mengine. Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imeitoa karibu na sufuri hadi baina ya asilimia 5.25 na 5.5. Wenye fedha wakazirudisha Marekani. Kuna waliokaa mezani wakaamua. Mwaka 2014 serikali yetu ilikopa ng'ambo kwa hatifungani, maarufu kama Yurobondi, na dola bilioni 2 za deni hilo zikawa zadaiwa kwa mkupuo Juni 2024. Kadiri siku zilivyokaribia, ndivyo kila mwenye dola alivyozikumbatia. Kuna waliotia sahihi. Gavana Kamau Thugge, aliyeingia Benki Kuu ya Kenya Juni 2023, alieleza hadharani mwaka huo huo kwamba kabla yake shilingi ilikuwa imeshikiliwa juu ya thamani yake halisi. Kilichoshikiliwa kina mshikaji, na kilichoachiliwa kina mwachiaji. Aidha, Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwa petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita moja ikavuka shilingi 200. Waliopiga kura Bungeni wana majina na maeneobunge.

Kisha Februari 2024 serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili ilipe sehemu kubwa ya deni lile la zamani lililokuwa la asilimia 6.875. Shilingi ikapata nguvu kwa majuma machache. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 129. Redio ikasema: shilingi imeimarika. Imeimarika! Kauli ya kutendeka tena, safari hii kwa jambo jema, na aliyeimarisha kwa deni ghali zaidi hakutajwa.

Nisieleweke kwamba kila kushuka kwa shilingi ni hasara kwa kila mtu. Hapo ndipo hasa kauli zetu zinapotudanganya zaidi, maana zinatufanya tudhani mvua hii hunyesha juu ya paa zote. Nyumba ya pili kutoka kwa mama mkubwa yuko mama mwenye binti anayefanya kazi za nyumbani Jeddah. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa kiwango kisichobadilika, 3.75, tangu miaka ya themanini. Binti akituma riyali 1,000, mwanzoni mwa 2022 mama alipokea kama shilingi 30,000. Januari 2024 riyali zile zile, kwa jasho lile lile, zilimletea zaidi ya 42,000. Uwanja mmoja, kisima kimoja, wanawake wawili: mmoja anaomba shilingi ishuke, mwingine anaomba ipande, na wote wawili huswali pamoja.

Malindi ina kisa chake zaidi ya hicho. Mji wetu umekaa na Waitaliano kwa miongo mingi kiasi kwamba vijana wa ufuoni hukisema Kiitaliano vizuri kuliko Kiingereza. Nyumba za kifahari na viwanja vilivyo karibu na bahari hutajiwa bei kwa yuro. Mwanzoni mwa 2022 yuro moja ilikuwa takriban shilingi 128, na mwisho wa 2023 ilipita 170. Mgeni aliyekuja na bajeti ile ile alijikuta tajiri zaidi bila kufanya lolote. Mwenye hoteli anayelipwa kwa yuro naye alipata. Mpishi, mfagiaji na mlinzi wa hoteli hiyo hiyo waliendelea kulipwa shilingi zile zile, kisha wakapita kwa mama mkubwa kununua hamri iliyopungua. Ukienda Vipingo kwenye mashamba ya mkonge, habari haina tofauti kubwa: mkonge husafirishwa nje na kuuzwa kwa dola, mkataji hulipwa kwa shilingi. Tukifunzwa kwamba kushuka kwa sarafu "hunufaisha mauzo ya nje", tuulize mara moja: humnufaisha nani katika hao wanaouza nje?

Na kipo kichekesho kingine cha ufuoni ambacho sijakiona katika kitabu chochote cha uchumi. Mgeni humpa kijana bahashishi ya sarafu za yuro, moja moja, mbili mbili. Benki hazibadilishi sarafu za kigeni, hubadilisha noti tu. Basi kijana huziweka katika kopo, zikifika ishirini au hamsini, humtafuta mgeni mwingine mwenye huruma akamwomba noti. Nimemjua mmoja aliyelala na njaa huku ana yuro 30 chini ya kitanda. Msimu wa kaskazi ulikuwa umekwisha, wageni wamerudi kwao, na utajiri wake haukuwa na wa kumpa chenji.

Sisi watu wa lugha tungelikwisha kuyaona haya zamani, kwa sababu kamusi yetu ni makaburi ya sarafu. Nani leo, chini ya umri wa miaka 40, anajua ndururu ilikuwa kiasi gani? Ilikuwa senti 5. Peni ilikuwa senti 10. Thumuni ilikuwa senti 50, na asili yake ni neno la Kiarabu la sehemu moja ya nane, yaani moja ya nane ya reale, wakati reale moja ilipokuwa sawa na rupia mbili au, baadaye, shilingi nne. Neno hilo lilivuka kutoka reale hadi rupia, kutoka rupia hadi shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza miaka ya 1921 na 1922, kutoka hapo hadi shilingi ya Kenya ya 1966. Lilistahimili Waomani, Waingereza na uhuru. Lililoliua ni bei. Siku hamri ilipokoma kununuliwa kwa thumuni, thumuni ikakoma kuwa neno la sokoni, ikawa swali la mtihani. Hata "pesa" lenyewe, lililotokana na paisa ya Kihindi, lilikuwa jina la sarafu ndogo kabisa kabla halijapanuka maana likawa fedha zote.

Ukienda Gede, pale magofuni, utaonyeshwa nyumba iliyopewa jina kutokana na simbi zilizofukuliwa humo, zile kauri za pwani zilizotumika kama fedha katika sehemu nyingi za Afrika. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizibeba simbi za mwambao wetu kwa merikebu hadi Afrika Magharibi, wakazimwaga huko kwa wingi hadi zikapoteza thamani mikononi mwa watu waliozihifadhi. Bahari haikuzipeleka simbi hizo. Walizipeleka wenye merikebu.

La kushangaza ni kwamba lugha ya mitaani haijawahi kulifanya kosa letu. Mwaka 1992 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na fedha zilimwagwa nchini kupita kiasi. Mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa karibu shilingi 36. Mwisho wa 1993, mwaka ambao serikali iliacha kupanga bei ya shilingi ikaiachia soko, ilikuwa karibu 68, na mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 46. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Mama mkubwa anaukumbuka kwa sukari. Wakati huo noti ya shilingi 500 Wakenya waliiita "jirongo", kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza vuguvugu la vijana la YK'92 katika kampeni za chama tawala. Haki au si haki kwake, hilo si shabaha yangu. Shabaha yangu ni kwamba watu wasio na shahada walichukua noti wakaipachika jina la mtu. Waliweka mtenda ndani ya nomino. Sisi wenye shahada tuliweka "mfumuko".

Madhara ya kuficha mtenda si ya kinadharia. Mkono wa mbali usipotajwa, lawama huufuata mkono wa karibu. Mwishoni mwa Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba mfumuko wa bei ulikuwa umepungua hadi asilimia 2.7, baada ya kuwa 9.6 miaka miwili kabla, Oktoba 2022. Mama mkubwa alisikia, na kama msikilizaji yeyote wa Kiswahili alivyoelewa, alielewa kwamba bei zimepungua. Akaenda dukani. Bei ya unga wa ngano ilikuwa ile ile ya juzi. Muuza duka, jirani wa miaka mingi ambaye humwandikia deni kwenye daftari, akasema hajapunguziwa na aliyemuuzia. Mama mkubwa akamwambia redio haisemi uongo. Maneno yakazidi. Kwa karibu majuma mawili hawakusalimiana, na katika majuma hayo daftari lilifungwa. Asubuhi mbili nilipiga simu nikaambiwa leo hakuna mahamri.

Ukweli ni kwamba redio haikusema uongo na muuza duka hakuiba. Kilichopungua ni kasi. Basi linalotoka Malindi kwenda Mombasa likipunguza mwendo Kilifi mjini halirudi Malindi. Linaendelea kwenda, ila polepole. "Mfumuko umepungua" maana yake ni "bei bado zinapanda, lakini si kwa kasi ya mwaka jana". Ni maneno machache tu zaidi. Yangaliuokoa ujirani kwa majuma mawili, nayo hayamo katika taarifa ya habari, kwa sababu mfasiri wa chumba cha habari alifunzwa na sisi kwamba istilahi ikishapatikana kazi imekwisha.

Bila shaka patakuwa na atakayenijibu kwamba lugha zote hufanya hivi, kwamba hata Kiingereza huiambia shilingi kuwa imeanguka. Ni kweli. Lakini msomaji wa Kiingereza wa Nairobi akishaambiwa imeanguka hupewa ukurasa mzima wa kueleza kwa nini, wachambuzi watatu na mchoro. Msikilizaji wa Kiswahili hupewa sentensi moja kisha matangazo ya sabuni. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Noti zetu zimeandikwa Kiswahili, tena kwa fahari, "Banki Kuu ya Kenya", kwa ile "banki" yenye irabu mwishoni ambayo walimu wangu wa sekondari wangaliitia wino mwekundu. Ila taarifa za Kamati ya Sera ya Fedha ya benki hiyo hiyo, zinazosema riba imepandishwa au imeshushwa na kwa nini, hutolewa kwa Kiingereza. Noti husema Kiswahili. Sababu ya noti kukosa nguvu husema lugha nyingine.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vingine, tulionyeshwa mwaka 2024, na waliotuonyesha si sisi. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipopendekeza kutoza mkate kodi ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, vijana waliuchukua mswada ule wa Kiingereza cha kisheria wakaufasiri, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, katika video fupi fupi za simu. Mama mkubwa aliletewa moja na mjukuu wake. Hapo hakuuliza maana ya neno lolote. Alisikia kwamba kuna watu, mahali fulani, wanaotaka kuongeza kitu juu ya mafuta yake, na kwamba bado hawajakubaliana. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa tarehe 18 Juni, na baada ya umwagaji damu wa tarehe 25 mswada mzima ukaondolewa siku iliyofuata. Sisemi kwamba tafsiri ndiyo iliyouondoa. Waliokufa hawakufa kwa ajili ya tafsiri. Nasema kwamba kwa majuma machache Kiswahili cha bei kilikuwa na watenda, na watu walijua wasimame wapi.

Idara zetu za Kiswahili zilikuwa wapi? Tulikuwa kwenye mitihani. Tulikuwa tukijibu swali la dhamira kwa kuandika "mwandishi ameonyesha ugumu wa maisha" na kupata alama zetu mbili. Tunausoma mchezo wa Kilio cha Haki wa Alamin Mazrui na kuutaja ubepari pasi na kuuliza mfanyakazi wa shamba alilipwa kiasi gani na kiasi hicho kilinunua nini. Marehemu Katama Mkangi, mwana wa Kilifi hii, alikuwa mwanasosholojia kabla ya kuwa mtunzi wa Mafuta na Walenisi, na naamini hilo halikuwa sadfa. Sisi tumerithi riwaya tukaiacha sosholojia. Ningependa kuona katika jarida hili, walau mara moja kwa muhula, ukurasa mmoja ambao mwanafunzi ameichukua taarifa ya riba au ya bei na kuiandika kwa Kiswahili kinachotaja nani aliamua, nani alipe, nani apate. Haihitaji ufadhili.

Nilijaribu mimi mwenyewe. Nilipokwenda tena nyumbani nilikuwa na taarifa moja ya Kamati ile, nimeifasiri kwa mkono katika daftari, kurasa mbili na nusu. Nilimsomea mama mkubwa alasiri moja, yeye akichambua mbaazi. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipofika mahali pasemapo kwamba Kamati ilikutana na kuzingatia hali ya bei za vyakula nchini, alinyanyua mkono nisite.

"Hiyo Kamati," akasema, "hununua unga wapi?"

Nililiandika swali lake pambizoni, kwa kalamu, karibu na sentensi yenyewe. Madonge yalikuwa bado kumi na matano.